Maisha ya Mwanafunzi wa Chuo Kikuu, na Wajibu Wetu Sisi Watumishi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Haydom. Imepigwa chapa kwa agizo la Halmashauri ya Chama, ili wasiohudhuria nao wapate kuisoma.)



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme juu ya maisha ya mwanafunzi katika chuo kikuu cha umma. Neno hili lilizuka katika mkutano uliopita, wazazi walipouliza jinsi mtoto aliyeuziwa ng'ombe, kisha akapewa na mkopo wa Serikali, anavyoweza kupiga simu nyumbani kabla ya mwezi kwisha akasema hana chakula. Wengine walisema mtoto huyo ni mpotevu. Wengine walisema chuo ndicho kipotevu. Sisi twaona kwamba kabla ya kuhukumu yafaa kwanza kujua, maana katika Chama hiki wamo waliosoma chuo kikuu, na wamo waliosomesha, lakini wengi hawajapata kuona hata lango lake. Tena jambo lenyewe latuhusu sisi kuliko watu wengine, kwa sababu karatasi za mtoto anayekwenda chuoni hupita mikononi mwetu kabla hazijafika kwa mkubwa ye yote. Hayo tutayaeleza mbele.

Tutasema zaidi juu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho ndicho baba wa vyuo vikuu vyetu vya umma, ingawa twajua ya kuwa siku hizi watoto wetu wengi huenda Dodoma, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 2007 kikikusudiwa kupokea wanafunzi 40,000. Yaliyo kweli ya Mlimani kwa sehemu kubwa ni kweli ya Dodoma pia.

Mwanzo wa habari

Zamani mtu wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu hakuwa na chuo kikuu katika nchi yake. Njia yake ilikuwa kwenda Makerere, Uganda, mahali palipoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, pakakua hata pakawa chuo. Julius Nyerere alisoma huko tangu mwaka 1943 hata 1945, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh. Mwaka ule ule wa 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na makarani wenziwe waliunda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, na sisi twajihesabu kuwa wajukuu wa chama kile. Watu wale hawakuwa na chuo, bali walikuwa na hamu ya kusoma, wakakutana baada ya kazi wasome magazeti na kuzungumza. Twawataja ili tukumbuke kwamba watumishi kujishughulisha na elimu si jambo geni. Ndiyo asili yetu.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, miezi michache tu kabla ya Uhuru, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Hakikuwa na majengo yake. Kilianza katika nyumba ya TANU, Mtaa wa Lumumba. Somo lilikuwa moja tu, sheria, na wanafunzi hawakutimia 20. Katika darasa lile la kwanza alikuwamo mwanamke, Bibi Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1963 chuo kikaungana na vya Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, upande wa Ubungo, ndipo watu walipoanza kusema "Mlimani". Na Julai 1970 kikawa chuo kikuu cha kujitegemea.

Katika siku zile mwanafunzi alikuwa mgeni wa Taifa. Alipewa chumba, alipikiwa chakula, na Serikali ililipa gharama zake. Lakini mgeni naye huulizwa siku moja kama anaijua kazi ya mwenyeji. Mwaka 1966 Serikali iliamuru kwamba wahitimu waingie katika Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa muda wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi walikataa, na tarehe 22 Oktoba wakaandamana. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akakasirika; akawarudisha makwao wanafunzi karibu 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine pia. Mabwana, sisi tunaoishi kwa mshahara yatupasa kulikumbuka jambo lile pande zake zote mbili. Wanafunzi wale walirudishwa kwa kudai faida yao wenyewe. Lakini swali lao lilipata jibu hata kwa mkubwa wa nchi.

Baada ya hapo Mlimani palikuwa mahali pa mabishano makubwa. Bwana Walter Rodney wa Guyana alifundisha pale, na kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972. Yoweri Museveni alikuwa mwanafunzi pale tangu 1967 hata 1970. Watu walikuja toka nchi zilizokuwa bado zapigania uhuru, na mwanafunzi aliyetoka kijijini alikuta katika meza moja ya chakula mtu wa Msumbiji na mtu wa Afrika Kusini. Mwaka 1974 likatolewa Azimio la Musoma, kwamba mtu asitoke shule ya sekondari moja kwa moja akaingia chuo kikuu, bali kwanza afanye kazi na apate sifa njema kazini. Kwa sharti lile watumishi wengi, na makarani wamo, walipata mlango ambao hapo kwanza ulikuwa umefungwa. Lakini wanawake wakapungua, hata ikabidi wasamehewe sharti hilo. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, mara hii si kwa faida yao, ila kwa kupinga wakubwa kujiongezea malipo; nao pia wengi wakafukuzwa, ingawa baadaye walirudishwa. Mwaka 1990 chuo kilifungwa na wanafunzi wote wakapelekwa makwao.

Twayaeleza haya ili mzazi ajue kwamba chuo kikuu si shule kubwa tu. Mtoto huenda akamkuta huko jirani wa fikira asizopata kuzisikia, naye hana mwalimu wa zamu wa kumwambia ipi afuate.

Nani hulipa

Kuanzia miaka ya 1990 desturi ya mgeni wa Taifa ilikwisha. Serikali ilisema kwamba mwenye kufaidika na mzazi wake nao wachangie. Mwaka 2004 ilitungwa sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na Bodi ikaanza kazi mwaka 2005. Toka hapo fedha apewayo mwanafunzi si zawadi, ni deni. Na baadhi yenu mliomo humu mwalijua deni hilo kwa kuliona katika hati ya mshahara, maana tangu sheria ilipogeuzwa mwaka 2016, katika kila shilingi 100 za mshahara wa msingi hukatwa 15. Mwaka 2021 ilifutwa ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikiongezwa juu ya deni, na watumishi wengi wakashukuru.

Si kila mwombaji hupata mkopo, wala kila apataye hapati wote. Bodi hupima uhitaji wa mtu, mmoja akapewa ada yote na chakula, mwingine akapewa sehemu, mwingine asipewe kitu. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita "bumu", katika miaka ya karibuni ilipandishwa toka shilingi 8,500 hata 10,000 kwa siku. Lakini hailipwi kwa siku, wala kwa mwezi kama mshahara wetu. Hulipwa kwa mkupuo wa siku 60 hivi.

Sasa makarani na tupige hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Shilingi 10,000 mara 60 ni shilingi 600,000. Kijana wa miaka 20, ambaye tangu azaliwe hajapata kushika hata shilingi 100,000 zilizo zake, huamka siku moja akaikuta laki sita. Asipopata chumba ndani ya chuo hupanga nje, Changanyikeni, au Msewe, au Makongo, na mwenye nyumba hataki kodi ya mwezi mmoja. Ataka ya miezi kadha pamoja. Godoro hulinunua. Nauli za daladala, karatasi za kupiga chapa, sabuni, na simu, vyote hutoka humo. Naye mwenye mkopo wa nusu hutoa humo humo ada iliyopungua. Kwa hiyo siku ya 35 mfuko umekwisha, na bado siku 25. Huyu hakuwa mpotevu. Watu wazima wenye mishahara nao hukopa tarehe 20. Sembuse mtoto aliyepewa miezi miwili kwa mkupuo mmoja bila ya mtu kumfundisha kuigawa?

Siku moja ya mwanafunzi

Mtoto wa Haydom huondoka kwa gari kupitia Dongobesh na Mbulu, au kupitia Basotu na Katesh, akashuka toka nchi yetu ya juu yenye baridi hata akafika pwani penye joto na jasho. Mabasi siku hizi huishia Mbezi, katika kituo kikubwa kilichofunguliwa mwaka 2021. Hapo huanza kuwa mtu mmoja kati ya makumi elfu.

Jambo la kwanza ni mahali pa kulala. Mlimani pana mabweni ya zamani, pana mabweni ya Mabibo yaliyo mbali kidogo na chuo, na mwaka 2017 yalifunguliwa majengo 20 mapya ya kulaza wanafunzi 3,840. Hata hivyo nafasi hazitoshi. Asiyepata kitanda hubebwa na rafiki mwenye kitanda, wakalala mzungu wa nne, kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwenziwe, kinyume cha kanuni za bweni. Mwenye kupanga chumba nje hukiita "geto", na humo hupika kwa jiko dogo.

Asubuhi huwahi darasani. Twasema kuwahi kwa maana yake hasa, kwa sababu masomo yanayosomwa na watu wa idara nyingi huwa na wanafunzi mamia katika ukumbi mmoja, na achelewaye husimama, au huketi mbali asisikie. Mwalimu hamjui kwa jina. Hakuna kengele, wala fimbo, wala mtu wa kumwuliza kwa nini jana hakuja. Mtoto aliyelelewa katika shule ya bweni kwa kengele ya saa kumi na moja huona huu kuwa uhuru, na kwa muda hufurahi. Lakini alama huhesabiwa tangu juma la kwanza. Majaribio na kazi za muhula huchukua sehemu ya alama, na mtihani wa mwisho huchukua sehemu iliyobaki. Basi aliyelala miezi miwili huingia katika mtihani akiwa amekwisha shindwa nusu ya njia. Asiyefaulu somo hulirudia kwa mtihani wa pili, na ambaye wastani wake hautoshi huondolewa chuoni. Wanafunzi huita jambo hilo "kudisko", na neno hilo laogopwa kuliko ugonjwa.

Jioni wenye bidii huenda maktaba. Mlimani pana maktaba kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China ikafunguliwa mwaka 2018, yenye kukalisha wasomaji 2,100 kwa mara moja. Twawaambia wazazi: mtoto akisema kwamba yumo maktaba usiku, huenda ni kweli, maana geto lake huenda halina umeme wa hakika wala meza. Mahali palipo bora kwa maskini katika chuo kizima ni pale, kwa kuwa kiti cha maktaba hakimwulizi mtu baba yake ni nani.

Wako pia wanaokwenda katika mikutano ya serikali ya wanafunzi, katika kwaya, katika misikiti na vikundi vya dini, katika michezo. Hayo si upotevu. Mtu aliyejifunza kuongoza mkutano wa wanafunzi hatatetemeka atakapoongoza mkutano wa kijiji.

Lugha

Twataka kusema neno juu ya lugha, kwa sababu hapo ndipo watoto wetu wengi huumia, nao hawasemi. Mtoto wa hapa hunena Kiiraqw au Kidatoga nyumbani, hujifunza Kiswahili, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari huambiwa masomo yote ni Kiingereza. Chuo kikuu nako ni Kiingereza karibu katika kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe, ambacho kina idara yake tangu mwaka 1970. Mtoto aliyefaulu kwa kukariri hukuta vitabu vya kurasa 400, na mwalimu anayetaka maoni yake, si maneno ya kitabu. Huona haya kuuliza, asije akachekwa kwa matamshi yake. Haya hiyo imewaondoa chuoni watu wenye akili njema.

Lakini yafaa tuwaambie watoto kabla hawajaondoka kwamba wao si wageni wa lugha. Watu wa pande hizi ni matajiri kwa jambo hilo. Siku ya soko hapa Haydom mtu aweza kusikia Kiiraqw, Kidatoga, Kinyiramba na Kihadzabe, lugha ambazo wataalamu huziweka katika makundi mbalimbali kabisa, kila moja na jamaa zake, na Kihadzabe peke yake. Mtoto aliyekulia katika sauti hizo ana sikio ambalo wengi hawana. Kilichopungua si akili, ni mazoezi na ujasiri.

Mabinti

Juu ya mabinti tutasema wazi. Binti akikosa fedha mjini, shida yake si ile ya kaka yake. Yuko atakayemletea chakula, na yuko atakayemlipia chumba, na kila mmoja ana bei yake isiyotajwa siku ya kwanza. Mzazi ambaye hupeleka fedha kwa mwana wa kiume kwanza, kwa kuwa binti "atajua njia", humfungulia binti mlango wa msiba, kisha humlaumu kwa kupita. Tukiwa na kidogo cha kugawa, na kigawiwe kwa uhitaji, na katika uhitaji binti asiwe wa nyuma.

Kalamu yetu

Sasa twafika katika jambo linalotuhusu wenyewe. Mwombaji wa mkopo hujaza fomu katika mtandao, akaipiga chapa, akaipeleka kwa kiongozi wa kijiji au mtaa, na kwa hakimu au wakili, itiwe sahihi na mihuri. Kisha huirudisha pamoja na hati zake. Cheti cha kuzaliwa hakina budi kuhakikiwa na Wakala wa Usajili, na aliyefiwa na mzazi huhakikisha cheti cha kifo vilevile. Siku za kuomba zina mwisho, na Bodi hutoa mwongozo kila mwaka.

Tazameni basi mahali mambo yanapoharibika. Mtoto aitwa Tluway. Karani wa kwanza, ambaye si mtu wa kwetu, aliandika Tuluwai katika cheti cha kuzaliwa. Mwalimu wa shule aliandika Tluwai. Cheti cha kidato cha nne chasema Tluway. Mwingine ni Qwaray, lakini mahali pengine ameandikwa Kwarai. Kwa macho yetu ni mtu mmoja. Kwa macho ya mashine ni watu watatu, na watu watatu hawawezi kupewa mkopo wa mtu mmoja. Mtoto huyo hana kosa lo lote. Kalamu ya karani, ambayo ilisogea vibaya miaka 18 iliyopita, ndiyo inayomweka njaa Dar es Salaam leo.

Na yako mengine. Fomu hulala katika meza kwa kuwa mwenye muhuri ameenda kikao. Mwombaji hutembea toka vijiji vya mbali akaambiwa arudi kesho, naye kesho hana nauli. Cheti cha kifo cha baba hakikutafutwa tangu siku ya msiba, kwa sababu hakuna mtu aliyewaambia wajane kwamba kitahitajiwa. Haya yote ni mambo ya ofisi, mabwana, na ofisi ni sisi. Mkoa haukufanya haya, wala Dar es Salaam.

Tumesikia hoja ya wenzetu wengine, nayo si ya kudharauliwa. Husema: "Sisi twakatwa asilimia 15 kila mwezi kwa kusoma kwetu, na bado twasomesha wadogo zetu, mbona tuongezewe mzigo wa watoto wa watu?" Twajibu hivi. Kwanza, fedha tunayokatwa ndiyo inayorudi katika mfuko wa kukopesha wanaofuata. Basi tumekwisha kuwa wazazi wa watoto hao, tupende tusipende, na mzazi aliyetoa fedha hana sababu ya kuinyima sahihi. Pili, mengi tunayoombwa si fedha. Kuandika jina sawasawa ni kazi ile ile kama kuliandika vibaya, na kutia muhuri leo si ghali kuliko kuutia kesho.

Hoja ya pili husema kwamba si lazima kila mtoto aende chuo kikuu. Hiyo ni kweli tupu, na twaiunga mkono. Hapa hapa Haydom hospitali ya Walutheri ilifunguliwa mwaka 1955, na tangu mwaka 1984 pamekuwa na shule ya kufundisha wauguzi, na waliosoma humo wamewahudumia watu wengi kuliko baadhi ya wenye shahada. Mtoto wa mikono na apelekwe kwenye ufundi, mtoto wa huruma na apelekwe kwenye uuguzi. Lakini aliyekwisha chaguliwa kwenda chuo kikuu, mwenye akili ya kukiweza, asirudi nyumbani kwa sababu ya herufi moja, au kwa sababu ya siku 25 za njaa ambazo mtu angemfundisha kuziepuka.

Tunayopendekeza

Bwana Mwenyekiti, hotuba isiyo na kazi baada yake ni kelele. Twaomba mkutano ukubali mambo manne.

La kwanza: katika majuma ambayo maombi ya mkopo yamefunguliwa, Chama kiweke meza kila Jumamosi, yenye makarani wawili na kompyuta moja, ili kuwasaidia waombaji bila malipo, na mwanachama mwenye mamlaka ya kutia muhuri awepo siku hiyo, au amweke wa kukaimu.

La pili: kila mwanachama anayeshika daftari za vizazi, za shule, au za kijiji, aandike majina ya watu kama wenyewe wanavyoyaandika, akiuliza herufi kwa herufi, na majina yaliyokosewa yatafutwe watoto wakiwa bado kidato cha tatu, wakati wa kuyasahihisha ungalipo, wala tusingoje mwezi wa maombi.

La tatu: kabla ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuondoka, waitwe siku moja pamoja na wazazi wao, nao wanafunzi wa mbele walio likizoni waje wawaeleze: jinsi ya kuigawa fedha ya siku 60 katika mafungu manane au tisa ya juma na kuiweka mbali na mkono, jinsi ya kukata rufaa mkopo ukipungua, jinsi ya kumwendea mwalimu na kuuliza, na kwamba mwenye kuugua au kufiwa asinyamaze, bali aende kwa mlezi wa wanafunzi mapema, maana chuo husikiliza aliyesema kabla ya mtihani kuliko aliyesema baada yake. Kila mmoja apewe jina la mtu wa kwetu aliye karibu na chuo, wa kumwendea siku ya shida.

La nne, nalo twajua litaleta maneno: nusu ya fedha iliyowekwa kwa karamu ya mwisho wa mwaka iwe akiba ya dharura kwa wanafunzi. Isiwe sadaka, iwe mkopo mdogo bila riba, utolewe kwa kauli ya watu watatu, wa kumvusha mtu zile siku za mwisho kabla ya malipo. Nyama tutakula, ila kidogo zaidi. Na soda zitakuwa moja moja.

Tena twaongeza ombi lisilohitaji kura. Mtoto akirudi kwa kuondolewa chuoni, tusimcheke njiani wala tusimfanye mfano kwa wengine. Wako walioondolewa wakarudi tena baada ya mwaka mmoja au miwili wakafaulu, na wako walioshika kazi nyingine wakawa watu wa maana. Aibu ndiyo inayomfanya kijana asirudi kabisa nyumbani akabaki mjini hana kazi, na mzazi akimwambia kila mtu kwamba bado anasoma.

Wazee wetu wa mwaka 1922 walikuwa na mishahara midogo kuliko yetu, wala hawakuwa na mwana hata mmoja katika chuo kikuu, kwa kuwa hakikuwapo. Walifanya walichoweza kwa taa, magazeti na benchi. Sisi tuna mihuri, kompyuta, simu, na watoto waliokwisha kufaulu ambao wanangoja sahihi zetu. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini Chama hiki kina vidole vingi.

Bwana Mwenyekiti, tumemaliza. Twaomba mambo haya manne yaulizwe moja moja, na wanachama wayapigie kura kwa kuinua mikono, na Katibu aandike hesabu.